Uhamaji wa elektroni na molekuli zinazogeuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa huulizwa muhula baada ya muhula na wanafunzi wa sekondari na wanachuo wa miaka ya mwanzo huku Kisumu, Maseno na Kakamega, pamoja na machache ya wazazi na wakulima. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayowagawanya wataalamu wenyewe. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Metali za mpito ni zipi, na kwa nini ndizo zinazotajwa kila mara?

Ni zile zilizo katikati ya jedwali la elementi: chuma, shaba, kobalti, manganizi, kromi, ruteni na jamaa zao. Sodiamu ikishatoa elektroni yake moja, imemaliza; kuitoa ya pili kunadai nishati kubwa mno. Chuma kinaweza kutoa mbili kikatulia, au kutoa tatu kikatulia vilevile. Hali hizo mbili tunaziandika chuma(II) na chuma(III), na kuvuka kutoka moja hadi nyingine hakugharimu sana. Metali inayoweza kukaa katika hali zaidi ya moja ndiyo inayofaa kupokea na kutoa elektroni mara nyingi bila kuharibika.

2. Changamano ni nini?

Ni atomu au ioni ya metali iliyozungukwa na molekuli au ioni nyingine zilizoishikilia. Hizo zinazoizunguka huitwa ligandi: maji, amonia, kloridi, sayanidi na kadhalika. Umewahi kuliona darasani: ukidondoshea amonia kwenye myeyusho wa salfeti ya shaba, mwanzoni unapata mashapo ya samawati, kisha ukizidisha, mashapo yanayeyuka na kuacha bluu iliyokolea. Amonia imechukua nafasi ya maji kando ya shaba.

Aliyetuonyesha jinsi ligandi zinavyojipanga kuzunguka metali ni Alfred Werner wa Zürich, mwaka 1893, na alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Alitumia sana machangamano ya kobalti na amonia, na kobalti itarudi tena na tena katika majibu haya.

3. Swichi ya molekuli ni nini hasa?

Ni molekuli yenye hali mbili, zote mbili zikiwa imara kiasi cha kutosha, ambayo inaweza kupelekwa kutoka hali moja hadi nyingine na kurudishwa. Kinachoisukuma ni joto, mwanga, mgandamizo au umeme. Tena ni lazima tuweze kutambua iko upande upi, kwa rangi yake au kwa jinsi inavyovutwa na sumaku.

Hapa wengi huchanganya mambo matatu. Elektroni inaweza kuhama kutoka metali moja hadi nyingine. Inaweza kuhama kati ya metali na ligandi yake. Au elektroni zote zinaweza kubaki palepale kwenye metali, zikabadili tu namna zilivyojipanga. Yote matatu yanaweza kuwa swichi, ila hilo la tatu si uhamaji wa elektroni. Litafafanuliwa katika swali la 9.

4. Je, pamanganeti tunayotumia kwenye titresheni ni swichi?

La. Uhamaji wa elektroni upo, tena mwingi: kila manganizi(VII) inapokea elektroni tano kutoka kwa ioni tano za chuma(II), na zambarau inatoweka hadi tone la ziada linapoacha waridi hafifu. Lakini manganizi imepoteza oksijeni zake zote nne njiani na kubaki ioni iliyozungukwa na maji. Huwezi kuirudisha kwa kupasha joto au kumulika. Swichi nzuri hubaki na ligandi zake wakati wote wa kwenda na kurudi.

## Elektroni huvuka vipi

5. Elektroni ni nyepesi kupita kiasi. Kwa nini basi baadhi ya mabadilishano huchukua saa au siku?

Hili ndilo swali bora zaidi katika ukurasa huu, na jibu lake ndilo ufunguo wa mengine karibu yote.

Fikiria mashua mbili za wavuvi zilizokaribiana ziwani pale Dunga, upepo ukivuma. Mvuvi mmoja anataka kumpa mwenzake kreti la samaki. Mashua moja ikiwa juu ya wimbi na nyingine chini, kreti halipokeleki. Wanangoja hadi mawimbi yalete kingo za mashua zote mbili usawa mmoja, na papo hapo kreti linavuka. Mkono hauchukui muda. Kinachochukua muda ni mawimbi.

Ndivyo ilivyo kwa elektroni. Metali iliyo katika hali ya II hupenda ligandi zikae mbali kidogo, na ile ya hali ya III huzivuta karibu. Molekuli za maji zilizo nje nazo zimejipanga kufuatana na chaji iliyopo. Elektroni haiwezi kuvuka mpaka mitikisiko ya kawaida ya ligandi na maji ilete pande zote mbili kwenye nishati sawa. Mpangilio huo unagharimu nishati, na gharama hiyo ndiyo inayoamua kasi. Rudolph Marcus, mzaliwa wa Montreal nchini Kanada, alianza kuchapisha nadharia hii mwaka 1956 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992.

Kwa hiyo mtu akikuuliza elektroni inahamaje, mwulize kwanza majirani wake wanasogea kiasi gani.

6. Kuna mfano wa metali mbili zinazofanana lakini zenye kasi tofauti?

Upo. Chukua kobalti iliyozungukwa na amonia sita, na ruteni iliyozungukwa na amonia sita. Katika kila kundi, ioni ya hali ya II inaipa elektroni ioni ya hali ya III ya metali ileile. Ruteni hufanya hivyo kwa kasi inayozidi ya kobalti mamilioni ya mara.

Kobalti inapotoka II kwenda III, kila amonia husogea karibu kwa takriban pikomita 20 (pikomita moja ni sehemu moja ya trilioni ya mita), yaani asilimia 10 hivi ya umbali wake. Kwa ruteni, amonia husogea kwa takriban pikomita 4 tu. Tena kobalti inalazimika kupanga upya elektroni zake za ndani, jambo ambalo ruteni haina haja nalo.

7. Je, ni lazima metali mbili zigusane?

Si lazima, na hata zikikaribiana kuna njia mbili. Katika njia ya kwanza kila metali hubaki na ligandi zake zote, na elektroni inaruka pengo lililo kati yao. Katika njia ya pili ligandi moja hushikwa na metali zote mbili kwa wakati mmoja na kuwa daraja.

Henry Taube alithibitisha njia ya daraja mwaka 1953 kwa jaribio ambalo kila mwalimu wa kemia angefurahi kulibuni. Alichukua kobalti(III) yenye kloridi moja, akaichanganya na kromi(II) iliyozungukwa na maji. Baada ya elektroni kuhama, kloridi ilikutwa imeshikamana na kromi. Kwa kuwa kobalti(III) haiachii ligandi zake kirahisi, na kromi(III) haizipokei kirahisi kutoka kwenye myeyusho, kloridi ile haikuwa na njia nyingine isipokuwa kushikwa na metali zote mbili wakati elektroni inavuka. Taube alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1983.

8. Tukiongeza msukumo wa nishati, kasi huongezeka kila mara?

Huongezeka hadi msukumo unapolingana na gharama ya mpangilio iliyoelezwa katika swali la 5. Ukizidisha zaidi ya hapo, kasi inaanza kupungua. Jambo hili linakwenda kinyume na tunavyotazamia, na utabiri wa Marcus ulikaa zaidi ya miaka 20 bila ushahidi wa wazi. Mwaka 1984 John Miller, Lidia Calcaterra na Gerhard Closs waliuonyesha nchini Marekani kwa molekuli ambazo mtoaji na mpokeaji wa elektroni walitenganishwa kwa umbali usiobadilika.

Faida yake ni kubwa kwa anayetaka kuvuna mwanga wa jua: anahitaji elektroni iende mbele haraka na irudi polepole, na kanuni hii inamruhusu kuchelewesha marejeo.

## Molekuli zinazogeuka

9. Kubadili spini ni nini?

Spini ni ile tabia inayoifanya kila elektroni iwe kama sumaku ndogo; mbili zikikaa chumba kimoja hufutana. Chuma(II) kina elektroni sita katika tabaka liitwalo d, na vyumba vitano vya kuziweka. Ligandi zinapokizunguka, vyumba vitatu hushuka kinishati na viwili hupanda. Ligandi zikivuta kwa nguvu, pengo huwa kubwa, na elektroni zote sita hujibana mbilimbili katika vyumba vya chini. Hiyo ni spini ya chini, na sumaku haiivuti. Ligandi zikiwa dhaifu, elektroni husambaa hadi vyumba vya juu na nne hubaki pekee bila mwenzi. Hiyo ni spini ya juu, na sumaku huivuta.

Ligandi za nguvu ya wastani huiacha chuma(II) mpakani. Ukiipoza inakaa spini ya chini. Ukiipasha joto inapanda spini ya juu. Umbali kati ya chuma na nitrojeni zinazokizunguka hurefuka kutoka takriban pikomita 200 hadi 220, ndiyo maana kuigandamiza molekuli huirudisha kwenye spini ya chini, ambako inachukua nafasi ndogo zaidi. Idadi ya elektroni kwenye chuma haikubadilika hata moja.

Tabia hii iliripotiwa kwa mara ya kwanza na Cambi na wenzake nchini Italia mwaka 1931, kwa machangamano ya chuma(III).

10. Joto la Kisumu linatosha kuigeuza?

Inategemea ni changamano lipi. Lile linalofundishwa zaidi, chuma(II) chenye fenantrolini mbili na thayosayaneti mbili, hugeuka ghafla kwenye nyuzi 97 za Selsiasi chini ya sifuri. Hata usiku wa baridi kali huko Molo haufiki karibu. Kwa upande wa pili kuna mnyororo wa chuma na triazoli, ambao ni zambarau ukiwa baridi na hupauka na kuwa mweupe ukipashwa hadi karibu nyuzi 110. Mchana wa kawaida wa Kisumu, wenye nyuzi 30 hivi, uko katikati ya hizo mbili.

Kundi la Olivier Kahn huko Ufaransa lilichanganya aina mbili za triazoli katika mnyororo mmoja na kufaulu kuleta mgeuko karibu na joto la chumba. Huo ni ustadi wa kweli: kubadili kidogo ligandi hadi mpaka wenyewe usogee pale unapoutaka.

11. Nimesoma kwamba ukiipoza hairudi palepale ilipogeukia. Ni kweli?

Ni kweli kwa baadhi. Mnyororo uliotajwa hapo juu hupauka karibu nyuzi 110 unapopashwa, lakini unapopozwa haurudi zambarau hadi karibu nyuzi 70. Tabia hii huitwa histeresi. Kati ya nyuzi 70 na 110 unaweza kukuta unga mweupe au wa zambarau kwenye joto lilelile, kutegemea ulikotoka. Kwa maneno mengine, unga una kumbukumbu.

Sababu ni kwamba molekuli zimeshikamana. Moja inaponenepa inazisukuma jirani zake, kwa hiyo hugeuka kwa pamoja au hazigeuki kabisa. Ukiziyeyusha zikawa mbalimbali, histeresi hupotea.

12. Na mwanga?

Mwaka 1984 watafiti wa Mainz, Ujerumani, walimulika fuwele ya chuma(II) iliyopozwa sana kwa mwanga wa kijani, nayo ikapanda kwenye spini ya juu na kunaswa huko. Ikibaki baridi, hudumu hivyo kwa muda mrefu. Ikipashwa hadi karibu nyuzi 220 chini ya sifuri huanguka. Mwanga mwekundu unaweza kuirudisha.

13. Elektroni inaweza kuhama kweli, lakini ikabaki ndani ya molekuli ileile?

Ndiyo. Mwaka 1980 Buchanan na Pierpont walieleza changamano la kobalti ambalo ligandi zake, za jamii ya kwinoni, zinaweza zenyewe kutoa na kupokea elektroni. Likiwa baridi, kobalti ni III. Likipata joto, elektroni moja hutoka kwenye ligandi na kuingia kobalti, ambayo inakuwa II na kubadili spini kwa wakati mmoja. Mgeuko wake hutokea karibu na joto la chumba, na hilo ndilo linalolifanya livutie kuliko mengi yaliyotangulia.

Kuna pia ndugu wa ile bluu ya maabara, mashapo yanayotokea ukichanganya chuma(III) na heksasayanoferati(II). Mwaka 1996 watafiti wa Japani, akiwemo Fujishima na Hashimoto, walionyesha kwamba aina yenye kobalti na chuma ikimulikwa kwa mwanga mwekundu katika baridi kali, elektroni huvuka kutoka chuma kwenda kobalti kupitia daraja la sayanidi, na unga unakuwa sumaku yenye nguvu zaidi. Mwanga wa bluu huudhoofisha tena.

14. Vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyogeuka kutoka bluu hadi waridi, je, ni uhamaji wa elektroni?

Hapana, na ni kosa linalorudiwa sana. Vyenye rangi hiyo hutiwa kloridi ya kobalti. Ikiwa kavu, kobalti ina majirani wanne na ni bluu. Ikipata maji, inazungukwa na sita na kuwa waridi. Kobalti ni II mwanzo hadi mwisho. Ni swichi halali, lakini ya kubadilishana ligandi. Msiishike kwa mikono mitupu, kwani chumvi za kobalti zina madhara.

## Kisimani, shambani na mwilini

15. Maji ya kisima chetu hutoka maangavu, kisha yakikaa kwenye ndoo yanakuwa ya kahawia. Yana uchafu gani?

Yana chuma. Chini ya ardhi hakuna oksijeni, kwa hiyo chuma kiko katika hali ya II, kimeyeyuka na hakionekani. Maji yakipata hewa, kila chuma(II) huipa oksijeni elektroni moja, kinakuwa chuma(III), na hicho hakikubali kuyeyuka katika maji ya kawaida. Hutuama kama kutu. Kuyatia klorini huharakisha jambo hilohilo, ndiyo maana maji hubadilika rangi ukitia dawa, na nguo nyeupe hupata madoa ukizifua kwa jiki. Chai ya rangi ikipikwa kwa maji hayo huwa nyeusi, kwa sababu chuma hushikwa na tanini za majani.

Yaacheni yapigwe na hewa, mathalani kwa kuyamwaga kutoka ndoo hadi ndoo, yatulie, kisha yachujwe kwa mchanga safi. Hiyo hupunguza chuma tu. Vijidudu havitoki kwa njia hiyo, wala floridi, ambayo ni shida kubwa ya visima vingi vya upande wa Nakuru.

16. Udongo wa shamba la mpunga Ahero ukifurika hugeuka kijivu. Ni jambo lilelile?

Ni lilelile likirudi nyuma. Oksijeni ikiisha ndani ya tope, bakteria hutafuta pengine pa kutua elektroni zao, na chuma(III) cha udongo huzipokea. Kinakuwa chuma(II) na wekundu hupotea. Ng'oa mche wa mpunga uutazame: mizizi imevaa ganda la rangi ya kutu, kwa sababu mpunga hupeleka hewa hadi mizizini, na chuma(II) kinachoikaribia huoksidishwa hapohapo. Chuma(II) kikizidi, majani hugeuka rangi ya shaba na mavuno hushuka. Kuukausha udongo kwa muda huweza kusaidia.

17. Je, damu yetu ni swichi?

Ni swichi ya ajabu. Chuma(II) cha himoglobini isiyo na oksijeni kiko katika spini ya juu na ni kinene kiasi kwamba kimejitokeza nje kidogo ya pete ya hemu, ile molekuli inayokishikilia ndani ya himoglobini. Oksijeni ikishikamana nacho, kinapungua na kuingia ndani ya pete, kikivuta pamoja nacho sehemu ya protini. Mvuto huo unafanya sehemu nyingine za himoglobini zipokee oksijeni kwa urahisi zaidi. Max Perutz ndiye aliyetufungulia mlango huu kwa kuchora umbo la himoglobini, na alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1962.

Chuma hicho kikipoteza elektroni na kuwa III, hakibebi oksijeni tena, na damu huwa ya kahawia. Mwili una vimeng'enya vya kuirudisha elektroni hiyo, lakini baadhi ya dawa, au nitrati nyingi katika maji anayochanganyiwa mtoto mchanga maziwa, huweza kuvizidi nguvu. Mtoto akigeuka rangi ya samawati midomoni, mpelekeni hospitali mara moja.

18. Dawa ya malaria ina uhusiano wowote na haya?

Ndiyo, ile ya AL (atemetha na lumefantrini). Kiini chake hutokana na atemisinini, iliyogunduliwa China na kundi la Tu Youyou miaka ya 1970. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Molekuli yake ina daraja la oksijeni mbili. Kimelea kinapokula himoglobini yetu, kinabaki na hemu nyingi ya chuma(II), na chuma hicho hutoa elektroni inayovunja daraja lile. Vipande vinavyobaki ni vikali, na humshambulia aliyekuwa anakula. Huku kwetu kando ya ziwa, sijui uhamaji mwingine wa elektroni unaookoa watoto wengi zaidi.

## Maswali ya pembezoni

19. Simu yangu ina swichi hizi?

Haina. Kumbukumbu za simu zinatumia silikoni. Unga unaogeuka mara nyingi bila kuchoka, kwenye joto la kawaida, tena unaosomeka molekuli moja moja, bado ni kazi ya maabara.

20. Na sola iliyo juu ya paa?

Nayo kwa kawaida ni silikoni. Lakini mwaka 1991 O'Regan na Grätzel, huko Lausanne, Uswisi, walionyesha sola ya aina nyingine: rangi yenye ruteni hufyonza mwanga na kuipa elektroni titani dioksidi. Ufanisi wake umetegemea sana kanuni ya swali la 8.

21. Tunaweza kufanya nini katika maabara ya shule isiyo na vifaa vingi?

Bluu ya swali la 13, titresheni ya swali la 4, na maji ya kisima ya swali la 15 yakiwekwa kwenye chupa mbili, moja imejazwa hadi pomoni na kufungwa, nyingine wazi. Anayetaka kuendelea chuoni, kemia inafundishwa Maseno, Egerton na Masinde Muliro. Asiyepata mashine ghali anaweza kuanza na hesabu za kompyuta. Programu ya ORCA, kwa mfano, hutolewa bure kwa matumizi ya kitaaluma, na inaweza kukokotoa nishati za spini ya juu na ya chini.

22. Metali mbili zikiunganishwa kwa daraja na kugawana elektroni moja, iko kwa nani?

Carol Creutz na Taube walitengeneza molekuli ya namna hiyo mwaka 1969: ruteni mbili zilizounganishwa kwa pirazini. Ukihesabu chaji, moja ni II na nyingine ni III. Ukipima, zinafanana. Ubishi ulidumu miaka mingi, na wengi sasa wanakubali kwamba elektroni imesambaa kwa zote mbili, kila moja ikiwa na hali ya mbili na nusu. Katika bluu ya swali la 13 sivyo: pale kila chuma kina hali yake, na ni mwanga unaofyonzwa unaoirusha elektroni kutoka II kwenda III, ndipo tunapoona bluu.

23. Basi katika damu yenye oksijeni, chuma ni II au III?

Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha mwaka 1936 kwamba himoglobini yenye oksijeni haivutwi na sumaku. Pauling alishikilia kwamba chuma ni II cha spini ya chini na oksijeni haikupokea elektroni kamili. Joseph Weiss alipendekeza kwamba elektroni imehamia oksijeni, chuma kikawa III, na elektroni mbili zilizobaki pekee, moja kila upande, zinafutana kisumaku. Mitikisiko ya oksijeni iliyopimwa kwa mwanga inamuunga mkono Weiss. Hesabu za kisasa zinatoa mchanganyiko wa picha zote mbili, na uzito wa kila moja hutegemea ni njia gani ya hesabu umetumia. Kwenye mtihani wa kidato cha nne andika chuma(II). Ukifika chuo kikuu, andika zote mbili na useme kwa nini.